Vitambaa Vyeusi Mizingani

Bwana Lionel Askerton alikuwa amelala chali kwenye sakafu ya mawe, chini ya ngazi kuu ya Jumba la Hexcombe, shingo imekaa upande ambao shingo ya mtu hai haikai. Macho yalikuwa wazi. Alivaa gauni la kulalia la hariri na ndara moja. Ndara ya pili ilibaki juu, karibu na kichwa cha ngazi.

Inspekta Edmund Tolley alichuchumaa kando ya maiti, magoti yakalia. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, wa kaunti hiyohiyo, na tangu mkewe afariki hakuna aliyemwona akicheka kazini.

"Ameteleza?" aliuliza.

"Ningependa ateleze, nirudi nikanywe chai," alijibu Daktari Pym, mchunguzi wa maiti. "Shingo imevunjika, saa tisa au saa kumi za usiku. Lakini tazama mikono hii, hapa juu. Hizi alama za vidole. Kashikwa kwa nguvu, kasukumwa. Halafu fungua hii ngumi."

Ndani ya ngumi ya marehemu mlikuwa na kipande cha waya mwembamba wa umeme. Ncha zote mbili zilikuwa zimekatika vibaya, kwa kuvutwa.

Nje, mvua iliyonyesha tangu alfajiri ilikuwa imekatika saa moja asubuhi, ikaacha ukungu mzito juu ya bustani. Konstebo Beddoes, mzaliwa wa kijiji, alikuwa amesimama mlangoni akipindapinda kofia yake.

"Afande, watu huko nje wanasema ni Bibi wa Kijivu kamsukuma."

"Mwambie Bibi wa Kijivu aje tumchukue alama za vidole," alisema Sajenti Maureen Upjohn, msaidizi wa Tolley. Yeye alikuwa wa Birmingham, na mambo ya mashamba yalimchosha.

Beddoes hakucheka. Huku kwetu, jumba la kale lisilo na mzuka ni kama bwana harusi asiye na koti. Paa la Hexcombe lilikuwa linavuja tangu enzi za baba yake Askerton, na mzuka ndio uliokuwa ukimlipa fundi. Wageni walitoka London kulala macho kwenye korido, wakingoja kumwona bibi huyo wa kale akipita na shela lake usoni. Lakini Bibi wa Kijivu yuko kila jumba, na watu walianza kumzoea. Ndipo majira ya baridi yaliyopita Hexcombe ikapata mzuka mpya, mtoto anayelia ghorofa ya juu. Huyo aliwamaliza wageni. Watu wazima, wenye digrii zao, waliteremka asubuhi wakiwa weupe kama chaki, na mwezi uliofuata wakarudi na marafiki.

Tolley alianza na mtunza nyumba. Bi Hester Mobley alikuwa na miaka sitini na kitu, na alikuwa amekaa Hexcombe tangu usichana wake. Aliwakaribisha jikoni, akawamiminia chai bila kumwaga tone.

"Ulimkuta saa ngapi, Bi Mobley?"

"Saa mbili kasorobo. Nilikuwa nampelekea chai yake ya asubuhi."

"Ukafanya nini?"

"Niliweka sinia chini. Nikawapigia simu ninyi."

"Halafu?"

"Halafu nikaenda kuwaambia nyuki."

Sajenti Upjohn aliinua kalamu. "Kuwaambia nini?"

"Mwenye nyumba akifa, nyuki wanaambiwa," Tolley alimweleza kwa upole. "Unagonga mzinga, unawataarifu, unafunga kitambaa cheusi. Wasipoambiwa wanahama, au wanakufa ndani. Kwenu hamna hilo?"

"Kwetu Birmingham tuna mabasi, afande. Basi likifa tunaliacha."

Bi Mobley alimtazama msichana huyo bila hasira. "Nyuki hawana kosa, mwanangu," alisema. "Kwa nini wapate msiba wasiujue?"

Tolley alitupa jicho dirishani. Huko nyuma ya ukungu, chini ya mitufaa, mizinga ilisimama safu moja, masanduku meupe yaliyofungwa vitambaa vyeusi. Alikumbuka babu yake alipokufa, na jinsi nyanya yake alivyotoka na ufunguo wa nyumba kwenda kugonga. Hakuona ajabu yoyote. Akameza chai yake.

Mgeni aliyelala jumbani usiku huo alikuwa mmoja tu, Bwana Clement Ruddock, mwalimu mstaafu na mwanachama wa chama cha watafuta mizuka. Alitoa maelezo yake haraka na kwa mpangilio, kama anasahihisha madaftari.

"Umemsikia nani akigombana na marehemu?"

"Silas Rudge. Yule fundi na mtunza bustani. Jana, kabla ya chakula cha jioni, katika maktaba."

"Alisema nini?"

"Alisema, 'Ukiendelea nitakuvunja shingo.' Na shingo, Inspekta, naona imevunjika."

"Usiku ulimwona mtu yeyote ndani au nje ya nyumba?"

"Sikumwona mtu," alisema Bwana Ruddock, na akaonekana kama ana la kuongeza, lakini simu ikalia na Tolley akaitwa.

Silas Rudge walimkuta kwenye banda la zana, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono imening'inia. Hakukimbia. Alikuwa na miaka thelathini na minne, mabega mapana, na rekodi ya zamani ya kumpiga mtu chupa baani. Waya wa namna ileile ulikuwa kwenye rafu nyuma yake, bunda zima. Walimtia pingu, wakampeleka kituoni.

"Waya huu ni wako?" Tolley alimuuliza, meza ikiwa kati yao.

"Wangu."

"Ulikuwa wa kazi gani?"

Silas alizungusha pingu mkononi.

"Mligombana kwa ajili ya nini?"

"Mambo yetu."

"Ulimwambia utamvunja shingo."

"Nilimwambia."

"Ulimvunja?"

Silas alitazama ukuta. "Andika unavyotaka."

"Wewe kijana, unaelewa?" Sajenti Upjohn alimwinamia. "Hii si chupa ya baani. Hiki ni kifungo cha maisha. Mkeo atakuja kukutazama kupitia kioo mpaka azeeke."

"Naelewa." Aliing'ata midomo. "Mnaweza kunirudisha chumbani sasa?"

Mrakibu Haddow, mkubwa wao, alipiga simu saa saba mchana. Alikuwa na sauti ya mtu anayekula. "Tolley, una tishio, una waya, una rekodi. Unangoja nini, posa? Jioni hii mfungulie mashtaka ya mauaji."

"Hajakiri, mzee."

"Wakikiri wote, sisi wa nini? Jioni."

Tolley aliweka simu chini, akabaki ameishika. Alikuwa amewahoji wauaji wengi, na mtu aliyeua kwa hasira huwa anajitetea, au analia, au anamtukana marehemu. Huyu alikaa kama punda anayengoja mzigo ufungwe vizuri. Tolley aliogopa, na aliijua hofu hiyo. Mara moja katika maisha yake alimpeleka mtu gerezani akiwa na wasiwasi kama huo, na yule mtu alitoka baada ya miaka tisa akiwa hana meno wala familia. Hakutaka kurudia. Akachukua kofia.

"Tunarudi Hexcombe," alimwambia sajenti. "Nataka kujua ule waya ulikuwa unakwenda wapi."

Bwana Ruddock walimkuta sebuleni akichora. Uso ulimng'aa kama mtu aliyeshinda bahati nasibu, jambo lisilopendeza katika nyumba yenye msiba.

"Inspekta, ingia. Miaka ishirini na moja nakesha katika majumba ya kale, nimepata baridi ya mifupa tu. Leo nimemwona." Aligeuza karatasi. "Bibi wa Kijivu. Mwenyewe."

Tolley alikaa taratibu. "Leo lini?"

"Alfajiri. Nilikuwa dirishani kwangu, kunaanza kupambazuka. Alikuwa bustanini, mavazi ya kijivu, shela usoni mpaka kifuani. Anakwenda polepole, anainama, anabisha hodi kwa kitu kidogo mkononi, ananong'ona. Anasogea tena, anainama tena. Basi mvua ikamwagika, naye akatoweka nyuma ya ukuta. Nililia, sikufichi."

"Na asubuhi nilikuuliza kama ulimwona mtu."

"Uliniuliza kama nimemwona mtu," Ruddock alikubali kwa heshima. "Mtu sikumwona. Nilitaka kukueleza habari ya mzuka, ukaondoka."

Sajenti Upjohn alifunga macho kwa muda mfupi.

"Hapo alipoinama palikuwa na nini?" Tolley aliuliza.

Ruddock alisita, akaangalia mchoro wake. "Kwenye mizinga ya nyuki. Kila mzinga."

Tolley alitoka bila koti, akavuka majani yaliyolowa mpaka chini ya mitufaa. Nyuki wachache walikuwa wakitoka na kuingia, wazito kwa baridi. Alipiga goti mbele ya mzinga wa kwanza. Kitambaa kilikuwa cha bei rahisi, cha dukani, na rangi yake ilikuwa imechuruzika kwenye ubao mweupe, michirizi myeusi mpaka chini. Wa pili vivyo hivyo. Yote vivyo hivyo.

"Unaona?" alisema.

"Naona rangi mbaya, afande."

"Mvua ilikatika saa moja. Bi Mobley anasema alimkuta bwana wake saa mbili kasorobo, ndipo akaja hapa. Hivi vitambaa vimenyeshewa mvua yote, tangu tone la kwanza." Alisimama, akajifuta mkono kwenye suruali. "Nyuki waliambiwa kabla ya sisi. Waliambiwa kabla maiti haijakutwa."

"Kwa hiyo mzuka wa mwalimu..."

"Ni mwanamke aliyevaa wavu wa usoni wa mfuga nyuki. Silas hasogei huku, Beddoes ameniambia. Aliumwa na nyuki mwaka juzi, nusura afe."

"Lakini mama wa watu, afande. Na umri ule. Na kwa nini?"

"Hilo ndilo silijui."

Walipanda ghorofa ya juu kabisa, ile ya Mtoto Aliaye. Kwenye korido, ubao mmoja wa ukutani ulikuwa umebanduliwa na kurudishwa vibaya. Nyuma yake palikuwa na tundu tupu lenye ncha ya waya iliyokatika. Mkabala na hapo kulikuwa na mlango wa chumba kidogo cha watumishi. Ndani mlikuwa na kitanda cha mtoto kisicho na godoro, kiti kimoja, na taa ya mafuta juu ya kiti. Kioo cha taa kilikuwa kimesafishwa. Utambi ulikuwa mpya.

Waya waliufuata kwa vidole, nyuma ya mbao, mpaka chumba cha kusomea cha marehemu. Uliishia ndani ya kabati, kwenye mashine ya kurekodi. Sajenti Upjohn alibonyeza kitufe.

Kwanza ulikuwa mkwaruzo. Halafu sauti ya mtoto, ya kike, ya karibu mno. "Mama. Mama, taa. Kuna giza, mama. Njoo." Kilio. Halafu tena, toka mwanzo, yaleyale. Sajenti Upjohn aliizima kwa kiganja kizima, akageukia dirisha.

"Huyu si mwigizaji," alisema.

Konstebo Beddoes alikuwa mlangoni. "Mimi namjua, afande. Nilisoma naye darasa la kwanza. Huyo ni Maisie wa Bi Mobley. Alikufa kwa homa ya uti wa mgongo, kwenye kile chumba cha juu. Miaka thelathini sasa."

Ndani ya droo, chini ya mashine, Tolley alikuta mkanda wa asili, mkubwa, wa zamani, ambao kipande kile kilinakiliwa kutoka kwake. Aliwaambia wengine watoke. Alifunga mlango, akauweka kwenye mashine ya zamani iliyokuwa rafuni, akausikiliza peke yake mpaka mwisho. Alipotoka alishika njia ya jikoni moja kwa moja.

Bi Mobley alikuwa jikoni akimenya viazi, kana kwamba kuna mtu wa kuvila.

"Silas amekula?" aliuliza kabla hawajaketi.

"Hajagusa. Jioni hii anafunguliwa mashtaka ya mauaji."

Kisu kilisimama. "Kasema nini?"

"Hakuna. Anakulinda, Bi Mobley. Ana mke, na anakwenda kufungwa maisha, na hasemi neno." Tolley alivuta kiti. "Vitambaa vya mizinga vimechuja rangi kwa mvua. Uliwaambia nyuki alfajiri."

Bi Mobley alikiweka kisu sawasawa kando ya viazi.

"Sikufikiri hata kidogo," alisema. "Mtu amekufa nyumbani, mikono yangu ikachukua wavu na ufunguo. Niliwaambia alipokufa bwana mkubwa, na mama yake Lionel. Niliwaambia alipokufa Maisie. Ningewaachaje?"

Tolley alimpa onyo kama sheria inavyotaka, kwamba halazimiki kusema, na kwamba atakalosema litaandikwa na kutumika mahakamani. Bi Mobley alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Andika, mwanangu," alimwambia sajenti. "Yule kijana atoke."

"Ulianza kusikia lini?" Tolley aliuliza.

"Novemba. Nilikuwa napanda na mashuka. Nikamsikia ananiita." Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Wageni wanasema mzuka, mzuka. Mimi mama yake, sauti yake siijui? Nilidhani hajapumzika. Miaka thelathini mtoto yuko gizani ananiita, nami niko chini napika. Basi nikapeleka taa. Kila usiku, majira yote ya baridi, nikikaa pale kwenye kiti. Nikimwambia, mama yuko hapa, Maisie, taa hii hapa. Naye analia vilevile, hasikii."

Sajenti Upjohn aliacha kuandika, akaanza tena.

"Silas, mtoto wa kaka yangu, aliniona juzi na taa. Aliniuliza, shangazi, unafanya nini huku? Nikamwambia. Akageuka rangi. Yeye ndiye aliyefunga waya, lakini hakujua ni sauti ya nani. Aliambiwa ni kichekesho cha wageni tu. Jana akaenda kumwambia Lionel aiondoe, wakatukanana. Halafu akaja kwangu kuniambia yote, akilia kama mtoto."

"Na usiku?"

"Nilipanda kuiondoa. Niliubandua ubao kwa kisu cha jikoni, nikavuta. Lionel akasikia, akaja, akaushika waya, tukawa tunavutana mpaka kichwani pa ngazi. Sikuwa na nia ya kumuua wakati huo. Nilikuwa nataka kitu changu."

"Alisema nini?"

Kwa mara ya kwanza Bi Mobley alifunika mdomo kwa mkono.

"Alikuwa anacheka. Alisema, 'Hester, usiwe mjinga. Hukumbuki ile mashine yangu mpya, Krismasi ile? Nilimfungia chumbani nikazima taa, tupate kilio kizuri. Si umefurahi kumsikia tena?'" Alivuta pumzi. "Hapo nikamshika mikono. Nilikuwa na nia, bwana Inspekta. Andika hivyo. Nilimsukuma nikiwa na nia, na spika niliyoing'oa ukutani nikaitupa kwenye moto wa jiko."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Tolley alikuwa na sheria mkononi na hakuona mahali pa kuishika.

"Huu mkanda," Bi Mobley alisema, "mahakamani wataupiga? Mbele ya watu?"

"Ukikana, ndiyo. Wataupiga, tena zaidi ya mara moja. Ukikiri kosa mbele ya jaji, hakutakuwa na wazee wa baraza wala kusikiliza ushahidi."

"Nitakiri."

"Utafia gerezani, Bi Mobley. Tafuta wakili kwanza. Mtu mwenye masikitiko kama yako, wapo watakaomhurumia."

"Kwa kuwasikilizisha kilio chake? Wageni wamemsikiliza vya kutosha." Alichukua kalamu kwa sajenti mwenyewe, akatia sahihi mahali alipoonyeshwa, herufi za shule ya zamani. Sajenti alitoka kwenda kupiga simu kituoni ili Silas Rudge aachiwe.

Walibaki wawili. Bi Mobley aliivua aproni, akaikunja mara nne.

"Niulize jambo moja?"

"Uliza."

"Usiku huo siukumbuki. Nimejitahidi tangu alfajiri, siukumbuki. Ilikuwa Krismasi, nyumba imejaa, nilikuwa na mabata sita ya kuokwa." Hakumtazama. "Aliniita mara zote zile. Nami sikwenda?"

Tolley alisogeza kiti chake karibu. Alikuwa amejua kuwa swali hilo litakuja tangu alipouzima ule mkanda.

"Alichowasikilizisha wageni ni kipande tu, Bi Mobley. Alikata mwisho. Mimi nimeusikia wote."

"Mwisho una nini?"

"Mlango unagongwa kwa nguvu, mwanamke anamwambia Lionel afungue au atauvunja. Ufunguo unazunguka. Mtoto ananyamaza. Mwanamke anasema, 'Nimekuja, nimekuja, tazama, taa hii hapa.' Halafu mtoto anacheka, anauliza kama bata ameiva."

Bi Mobley alikuwa amegeuka. Macho yake yalikuwa makubwa.

"Mwanamke gani?" aliuliza.

"Wewe," alisema Tolley. "Ulikwenda."